Mdogo wangu, Kwa Mkapa na mechi za kompyuta

Najua niliahidi kwamba wiki hii nitaandika kuhusu wali wa kantini na foleni ya maji bafuni, lakini nivumilieni. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa historia, njia pekee ninayoijua ya kulitoa ni kuliandika toka mwanzo. Itakuwa ndefu leo. Chukueni chai.

Alhamisi jioni nilipigiwa simu kutoka nyumbani Bujonde. Kwa msiopajua, Bujonde ni kata ya wilaya ya Kyela, kule chini bondeni karibu na Ziwa Nyasa, kwenye mashamba ya ule mchele mnaougombania hapa Dar. Aliyepiga ni mdogo wangu wa kiume. Mzee alimpa magunia mawili ya mchele akauze Kyela mjini, hela iwe ya ada ya chuo cha ufundi. Akauza vizuri tu. Kabla hajarudi nyumbani akapita kwenye duka la kubeti. Alipotoka hakuwa na hata nauli ya bodaboda.

Nikamuuliza ni mechi gani zilizomchania mkeka.

"Sio mechi za kweli dada. Zile za kompyuta, zinachezwa kila baada ya dakika chache."

"Sasa ulikuwa unachaguaje?"

"Nilikuwa naweka timu ya nyumbani. Kila mechi, nyumbani tu. We si ndo ulinifundisha? Ulisema Kwa Mkapa hatoki mtu. Na nilikuwa napatia mara nyingi dada, ndo maana sielewi hela imeenda wapi."

Jamani. Kweli nilisema. Likizo iliyopita nilikaa naye uani usiku mzima nikimpigia hesabu za Simba kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, nikijifanya profesa. Kwa hiyo leo naandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wale wa hosteli ambao bumu likiingia tu naona wanainamia simu.

Nianze na nilichomwambia, maana hakikuwa uongo. Msimu wa 2018/19 Simba ilikuwa kundi moja na Al Ahly ya Misri, AS Vita ya Kongo na JS Saoura ya Algeria. Ugenini ilifungwa mechi zote tatu: 5-0 Kinshasa, 5-0 Misri, 2-0 Algeria. Mabao 12, yenyewe haikupata hata moja. Mtu akikuonyesha matokeo hayo peke yake utasema timu hii ikapumzike. Lakini nyumbani ilishinda zote tatu: 3-0 dhidi ya Saoura, 1-0 dhidi ya Al Ahly kwa bao la Meddie Kagere, na 2-1 dhidi ya Vita kwa lile bao la Clatous Chama la dakika za mwisho, ambalo wengine tulipiga kelele mpaka sauti ikakauka siku mbili. Pointi 9, mabao ya kufunga 6, ya kufungwa 13, na ikaingia robo fainali! Nadhani hakuna jedwali linaloonyesha nguvu ya nyumbani waziwazi kuliko lile. Uwanja ule wakati huo uliitwa Uwanja wa Taifa, ukapewa jina la Benjamin Mkapa mwaka 2020 baada ya mzee kufariki.

Machi hiyohiyo ya 2019, uwanja huohuo, Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 ikaenda Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Basi mtu akikuambia nyumbani hakuna kitu, mpe tarehe hizo.

Lakini historia haitaki uchague unachokipenda tu. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ikaenda Abidjan kucheza na Stella, ikatoka 0-0. Watu wakaona kazi imekwisha, kombe linasubiri kubebwa tu Dar. Mechi ya marudiano, nyumbani, Simba ikafungwa 2-0. Wazee waliokuwepo mpaka leo ukiwatajia wanabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo nyumbani ni msaada, si ahadi. Hilo sikumwambia mdogo wangu usiku ule. Nilikuwa nanogewa na Chama.

Sasa swali la kwetu watu wa historia: msaada huo unatoka wapi?

Anza na uwanja wenyewe. Kwetu Bujonde uwanja wa mpira ni tambarare iliyokatwa katikati ya mpunga. Masika ikikolea kona moja inatuama maji, na hata yakikauka pale chini panabaki pamelegea. Vijana wetu wanajua mpira ukienda kule haurudi, kwa hiyo wanaupeleka wakiwa wamebanwa. Wageni hawajui. Na joto la Kyela ni habari nyingine kabisa. Ziwa letu liko meta chini ya 500 kutoka usawa wa bahari, na timu ikishuka kutoka Tukuyu kwenye baridi na migomba, kipindi cha pili utaona wachezaji wanatafuta kivuli. Sisi tukipanda kwao ni kinyume chake, tunatetemeka na pumzi hazitoshi.

Mambo haya yamepimwa. Mwaka 2007 mtafiti Patrick McSharry alichapisha hesabu ya mechi 1,460 za timu za taifa za Amerika ya Kusini zilizochezwa ndani ya miaka 100. Akakuta kwamba kila tofauti ya meta 1,000 za mwinuko inampa mwenyeji wa juu nafuu ya karibu nusu bao. Mwaka huohuo FIFA ilizuia mechi za kimataifa kwenye miinuko mikubwa, Bolivia wakaja juu, na mwaka uliofuata zuio likasimamishwa. Aprili 2009 Argentina ya kocha Maradona ikapanda La Paz, meta zaidi ya 3,600, ikala 6-1. Mbeya yetu haifiki huko, iko kama meta 1,700, lakini mchezaji wa pwani aliyefika jana kwa basi, zaidi ya kilomita 800 toka Dar, anajua ninachosema.

Na hapa niseme kidogo kwa majivuno ya kwetu: mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, walichukua ubingwa wa Tanzania Bara. Timu ya mji mdogo wa mlimani iliwapita Simba na Yanga! Ubingwa hauchukuliwi kwa mechi za nyumbani peke yake, lakini kila aliyepanda mlima ule kuwafuata alikuwa ameshachoka kabla ya filimbi.

Kitu cha pili ni refa. Tulio majukwaani huwa tunadhani kelele zetu zinaingia kwenye miguu ya wachezaji. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza, Nevill na wenzake, waliwachukua marefa 40 wakawaonyesha video ya rafu na makabiliano 47 kutoka mechi moja. Wengine walitazama wakisikia kelele za mashabiki, wengine walitazama kimya. Waliosikia kelele waliwahesabia wenyeji faulo pungufu kwa asilimia 15.5. Video ileile, rafu zilezile! Halafu mwaka 2005 wachumi waliochunguza ligi ya Hispania walionyesha kwamba refa anaongeza dakika nyingi zaidi mwenyeji akiwa nyuma kwa bao moja kuliko akiwa mbele kwa bao moja. Refa huyo hajahongwa na mtu. Ni binadamu, ana masikio, na anataka watu wale wasimchukie.

Jaribio kubwa kuliko yote hakuna aliyelipanga. Mwaka 2020 korona ikaja, Ulaya wakacheza viwanja vikiwa vitupu. Ujerumani walianza tena Mei, na ushindi wa wenyeji ukashuka mpaka kama theluthi moja tu ya mechi. Msimu wa 2020/21 wa Premier League, ambao karibu wote ulichezwa bila watu, wenyeji walishinda mechi 144, wageni 153. Haikuwa imetokea kabla kwenye ligi hiyo wageni kuwazidi wenyeji kwa msimu mzima. Nyasi zilikuwa zilezile, vyumba vya kubadilishia nguo vilevile. Waliokosekana ni watu.

Na sisi tuna jaribio letu, la Kariakoo. Simba na Yanga zinapokutana Kwa Mkapa, mmoja anaandikwa mwenyeji na mwingine mgeni, lakini wote wanatoka mji mmoja, nyasi wanazijua wote, na jukwaa limegawanyika nyekundu na njano. Hakuna aliyesafiri. Tarehe 5 Novemba 2023 mwenyeji kwenye karatasi alikuwa Simba, na Yanga ikashinda 5-1. (Mashabiki wenzangu samahani, ni kwa ajili ya elimu.) Neno "nyumbani" lilikuwepo kwenye ratiba, ila vitu vinavyoifanya nyumbani iwe nyumbani vilikuwa vimegawanywa sawa.

Shikilieni hilo la neno kwenye karatasi, maana ndilo lililommaliza mdogo wangu.

Watu walianzaje kuigiza ligi nzima bila uwanja? Hapa inabidi twende Marekani, kwenye besiboli, mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwenye filamu tu. Mwaka 1951 J. Richard Seitz alianza kuuza mchezo wa mezani uitwao APBA. Kila mchezaji wa kweli ana kadi yake yenye namba zilizokokotolewa kutoka takwimu zake, unatupa dadu, unasoma kadi, unajua kilichotokea. Mwaka 1961 Hal Richman akatoa Strat-O-Matic, wazo ni hilohilo. Watu wazima walicheza misimu mizima mezani, wakiandika matokeo kwenye madaftari.

Besiboli ilifaa kwa sababu kila tukio linasimama peke yake: mmoja anarusha, mmoja anapiga. Hata nyumbani kwake kunaonekana. Kanuni zinampa mwenyeji zamu ya mwisho ya kupiga. Viwanja havifanani vipimo. Fenway Park ya Boston, iliyofunguliwa 1912, ina ukuta wa kushoto wenye urefu wa meta 11, na wenyeji wanajua mpira unavyorudi ukiugonga, kama sisi na kona yetu ya maji. Pamoja na hayo yote, mwenyeji wa besiboli kwa kawaida hushinda kama mechi 54 tu kati ya 100. Nafuu ndogo, lakini ipo.

Uzuri wa dadu na kadi ni kwamba kila kitu kiko mezani. Ukidhani mchezo unampendelea mwenzako, unaigeuza kadi na kuhesabu. Kompyuta ilipokuja, kadi zikaingia ndani ya boksi. Mwaka 1982 Mwingereza Kevin Toms alitoa Football Manager yake kwa kompyuta ndogo za majumbani. Mwaka 1992 ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, wakatoa Championship Manager, ambayo wadau wa zamani wa chuo wanajua imefelisha watu wangapi. Michezo hiyo ikawa na sifa za wachezaji ambazo wewe kocha huzioni: huyu anatulia mechi kubwa au anapotea, huyu anaumia hovyo. Zipo, zinafanya kazi, ila zimefichwa. Ndiyo maana kwenye chumba cha jirani watu waligombana juzi wakisema kompyuta inapendelea. Haipendelei. Ina namba ambazo hujaonyeshwa.

Halafu mwaka 1997 Mark Dixon na Stuart Coles, wanatakwimu wa Uingereza, wakachapisha makala juu ya kukadiria matokeo ya mpira na soko la kubeti. Kila timu wakaipa namba ya kushambulia na namba ya kulinda. Na nyumbani? Wakaipa namba moja, ileile kwa timu zote. Joto la Kyela, mlima wa Tukuyu, masikio ya refa, basi la kilomita 800, Kwa Mkapa pakiwa pamejaa, vyote vimekamuliwa vikawa namba moja ya kuzidisha. Siwalaumu, kwa kazi yao ilitosha, maana walikuwa wanapima kivuli cha vitu vya kweli.

Sasa njoo kwenye mechi za kompyuta za duka la kubeti. Hapo hakuna hata kitu cha kutoa kivuli. Timu mbili za kubuni, uwanja wa kuchorwa, kelele zilizorekodiwa. Programu inachomoa namba ya nasibu, matokeo yanatoka, wale wachezaji wa kwenye skrini wanayaigiza tu. Timu iliyoandikwa kwanza inaitwa ya nyumbani kwa sababu kuna mtu aliiandika hivyo, na akitaka ishinde zaidi anaiwekea namba. Kwa hiyo mdogo wangu hakuota, timu zake za nyumbani zilishinda kweli mara nyingi. Tatizo ni kwamba aliyeiweka namba ile ndiye aliyepanga na odi.

Nimemfanyia hesabu, nawafanyia na nyie. Tuseme timu ya nyumbani imepangiwa kushinda mara 60 katika kila 100, na odi yake ni 1.50. Unaweka shilingi 1,000 mara 10. Unashinda mara 6, wengi ni wewe, unatoka kifua mbele. Kila ushindi unakurudishia 1,500, mara 6 ni 9,000. Lakini ulitoa 10,000. Umepatia kuliko kukosea na bado umeliwa 1,000! Ndiyo jibu la swali lake la hela imeenda wapi. Kwenye mechi ya wiki nzima utaliwa hivyo mara moja halafu ukalale. Kwenye hizi za dakika chache unazungusha hela ileile tena na tena. Ikipungua sehemu ya kumi kila mzunguko, baada ya mizunguko 20 laki moja imebaki kama 12,000. Hiyo ni jioni moja, na hiyo ni kwa mtu mwenye bahati ya wastani.

Kuna jambo jingine lililoniuma zaidi. Kwenye mpira wa kweli, ujuzi una maana kidogo. Ukijua Vita wamefika usiku, au mvua imenyesha Mbeya, umejua kitu. Mdogo wangu ana akili ya mpira kunizidi mimi, ndiye anayejua ile kona ya maji inakauka wiki gani. Akaupeleka ujuzi wote ule mahali ambapo hakuna mvua, hakuna safari, hakuna refa. Alikuwa anawasoma watu ambao hawapo.

Jana nilimpigia nikamsomea hesabu ya mara 6 kati ya 10. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, "Kwa hiyo dada, hata ningepatia zaidi ningeliwa?"

"Ungeliwa polepole."

"Na baba je?"

Mzee alikuwa bado hajajua. Alikuwa anadhani mchele unasubiri mnunuzi wa bei nzuri. Tulikubaliana kwamba leo baada ya ibada mdogo wangu atamwambia mwenyewe, mimi nikiwa kwenye simu, na kwamba na mimi nitakiri sehemu yangu ya somo la nusu. Nimetuma kiasi kutoka kwenye bumu langu, hakifiki hata robo ya ada, lakini asiende mikono mitupu. Kingine atakilipa kwa vibarua vya mpunga msimu huu. Alilipendekeza mwenyewe, sikumlazimisha.

Simu imeshapigwa, saa nane mchana. Mzee hakugomba. Alituacha tuseme mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Hiyo timu ya nyumbani, nyumbani kwao ni wapi?"

Hatukuwa na jibu, mimi wala mdogo wangu.

Basi wadau, ndiyo hiyo. Wenye bumu mkononi soma tena pale kwenye 1,500 mara 6. Na Jumamosi Simba wakicheza, mwenye tiketi ya ziada anitafute, nitakuja kupiga kelele zangu pale ambapo refa anazisikia. Wiki ijayo wali wa kantini, sidanganyi tena.